Miaka Kumi na Mmoja Iliyobaki ya Hamduni Ngwali

Ninaandika haya kwa ajili ya wasomaji wa nchi jirani, ambao nasikia wanatuonea wivu. Sisi wa Jamhuri ya Tele hatuna siri. Kila tulicho nacho kimeandikwa, kimegongwa mhuri na kufungiwa kwenye kabati la chuma katika Ofisi ya Msajili wa Vitabu, ambako mimi ni karani daraja la tatu, mwaka wa kumi na tisa sasa bila kupandishwa cheo. Silalamiki. Nasema tu ili mjue kwamba ninachosimulia nimekishika kwa mikono yangu.

Zamani, kabla ya Sheria Namba Tisa, nchi yetu ilikuwa na aibu moja kubwa. Kila mwaka makampuni yalitoa taarifa zao za fedha, na kila mwaka taarifa zilionyesha hasara. Kiwanda cha viberiti, hasara. Shirika la mabasi, hasara. Hata kampuni ya kuchapa fomu za kodi, ambayo haikuwa na mshindani chini ya jua, nayo hasara. Wageni wenye pesa walikuja, wakasoma, wakala chakula cha mchana, wakaondoka. Mheshimiwa Rais akaunda Kamati ya Watu Kumi na Mmoja ichunguze hasara hizi zinatoka wapi. Kamati ilizunguka nchi ishirini na mbili kwa miezi kumi na minne, na gharama za safari ziliandikwa kwenye vitabu vya kiwanda cha viberiti.

Waliporudi walikuwa na jibu. Hasara, walisema, zinatoka kwenye vitabu vyenyewe. Mhasibu akinunua mashine anaiandika kuwa mali. Lakini kampuni ikimfundisha mtu na kumzoesha kazi kwa miaka ishirini, mhasibu huyohuyo anaandika kuwa ni gharama, yaani pesa iliyokwenda na maji. Kwani huyo mtu hayupo? Si anakuja kila asubuhi? Basi naye aandikwe mali. Bunge likapitisha kwa makofi kabla ya chai ya saa nne.

Sheria ina vifungu mia moja na sita, ila msomaji anahitaji vitatu tu kwa sasa. Cha kwanza: kila mfanyakazi apewe namba, athaminiwe na kuingizwa kwenye daftari la mali ya kampuni, na thamani yake ipunguzwe kidogo kila mwaka kwa ajili ya uchakavu mpaka siku ya kustaafu. Cha pili: mali yoyote iliyomo vitabuni isiuzwe, isitupwe wala isifukiwe bila Hati ya Kufuta yenye saini ya Msajili Mkuu. Cha tatu: kampuni itakayoonyesha hasara itiwe kufuli siku hiyohiyo, maana sasa hasara haina kisingizio.

Mngeona mambo! Makampuni yaliyokuwa na feni moja na viti viwili yalivimba yakawa majitu. Jirani yangu, tarishi wa kampuni ya bima, alipokwenda kuposa alibeba nakala ya thamani yake, na wakwe wakaisoma kwa sauti mbele ya wageni. Mishahara haikuongezwa, kwa sababu mshahara ni gharama, na gharama huzaa hasara. Vipuri navyo ni gharama. Matengenezo ni gharama. Makampuni yalijifunza upesi kukaa mbali na vitu vya namna hiyo.

*

Sasa nije kwa Hamduni Ngwali. Alikuwa mwendesha boila katika kiwanda cha sabuni cha Povu Jeupe, hapahapa mjini kwetu. Boila ni lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji mpaka yawe mvuke, na mvuke ndio unaopika sabuni. La Povu Jeupe lilikuwa kuukuu, na kitabu chake cha maelekezo kilikwisha kuliwa na mchwa. Hamduni peke yake ndiye aliyelijua. Aliingia asubuhi, akaligonga bomba kwa spana, akatega sikio, akasema, "Leo kanuna huyu," na kweli siku hiyo sabuni ilitoka na mabonge.

Mhasibu wa kiwanda aliitwa Bwana Kilian Mahundi, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipotakiwa kumthamini Hamduni aliuliza itagharimu kiasi gani kumpata mwingine wa namna ile. Akaambiwa hapatikani. Basi Hamduni, namba 214, akaandikwa kwa bei iliyompita hata Mkurugenzi. Jioni alimpelekea mkewe ile karatasi. Mkewe, Bi Pili, alikuwa akiuza vitumbua nje ya soko. Aliisoma, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna zaidi, kisha akauliza, "Sasa kama una bei yote hii, mbona sukari ya vitumbua tunakopa?" Hamduni alicheka mpaka akapaliwa. Haya aliniambia Bi Pili mwenyewe, baadaye sana.

Mwaka ule, miezi mitatu mfululizo, Hamduni alimwandikia Bwana Kilian kuomba valvu mpya ya kupumulia mvuke. Bei ya valvu ni milioni tatu. Bwana Kilian alilipeleka ombi kwa Mkurugenzi, Bwana Dastani Rwiza, na mara zote tatu likarudi na maneno ya wino mwekundu: "Hii ni gharama." Tarehe kumi na tisa Desemba, saa tatu na nusu asubuhi, valvu ya zamani ikachoka. Hamduni alisikia kabla ya wote. Aliwapigia kelele wenzake wawili watoke, wakatoka. Yeye hakuwahi; mvuke ulimkuta ndani.

*

Bi Pili alifika ofisini kwetu saa saba mchana. Hamduni hakuwa na ndugu wa kiume aliye hai, ndiyo maana alikuja mwenyewe, kanga kichwani, macho makavu ya mtu ambaye bado ana kazi mbele yake.

"Kaka, nimekuja kuchukua kibali. Tunataka kuzika leo baada ya alasiri. Kaburi limeshachimbwa."

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa."

"Marehemu alikuwa ameajiriwa?"

"Povu Jeupe. Wamenipa namba, wakasema nikuletee. Mia mbili kumi na nne."

Mtu asiye na ajira kibali chake hutolewa na mtendaji wa mtaa kwa dakika tano, na mtendaji hata hanyanyuki kitini. Lakini aliyemo vitabuni ni wa ofisi yetu. Nikafungua daftari, nikapitisha kidole.

"Dada, hapa panaonyesha bado ana miaka kumi na mmoja."

"Ya nini?"

"Ya matumizi."

Nilijifanya natafuta rula.

"Kaka, mume wangu yuko mochwari. Wamemfunika shuka la hospitali. Nimetoka kumwona sasa hivi."

"Sikatai, dada. Ila vitabu bado havijamwona."

Nikamwonyesha Fomu Namba Kumi na Saba, ambayo ndiyo njia halali ya kuvijulisha vitabu. Swali la kwanza linasema: Je, kushuka kwa thamani ya mali hii ni kwa muda au ni kwa kudumu? Bi Pili alichukua kalamu yangu, akaandika "kwa kudumu" kwa mwandiko wa mtu aliyefika darasa la saba akiwa wa kwanza. Ikabidi nimweleze kwamba fomu hujazwa na mhasibu wa kampuni, na jibu liambatane na maoni ya kamati ya wataalamu. Ile aliyoiandika niliichana mbele yake, kama taratibu zinavyotaka. Sikuipenda sauti ya ile karatasi, na mpaka leo siipendi.

*

Msiba uliwekwa nyumbani kwa Bi Pili bila maiti. Wanawake walikaa ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye mabenchi ya kuazima, na kaburi kule makaburini likawa limefunikwa mabati lisije likajaa mvua. Mkurugenzi Rwiza alifika siku ya pili na mfuko wa mchele na hotuba.

"Ndugu wafiwa," alisema, "Povu Jeupe imepata pigo. Hamduni alikuwa, nasema alikuwa kwa lugha ya kawaida, maana kihesabu bado yupo, alikuwa nguzo yetu. Kampuni haitamwacha. Narudia: haitamwacha."

Watu waliitikia kwa heshima, bila kujua kwamba alichosema ndicho hasa alichokusudia kufanya.

Alipoondoka, Bwana Kilian alibaki. Alimwomba Bi Pili wazungumze uani, karibu na jiko la vitumbua lililokuwa limezimwa, nami nikawaandama kwa sababu kisheria mazungumzo yoyote kuhusu mali ya kampuni hushuhudiwa na karani.

"Shemeji," Bwana Kilian alisema, "nitakwambia kweli, unitukane ukitaka. Faida ya kiwanda mwaka huu ni milioni mia moja na arobaini. Hamduni vitabuni amebaki na milioni mia moja hamsini na nne. Nikimtoa, tunaingia kwenye hasara ya milioni kumi na nne."

"Halafu?"

"Halafu wanaleta kufuli. Watu mia tatu na kumi na mbili wanakwenda nyumbani."

Bi Pili alichungulia barazani. Walikuwa wamekaa pale wale watu mia tatu na kumi na mbili, au wengi wao, wakinywa chai ya rangi. Hakuna aliyeinua uso. Kumbe wote walikuwa wanajua, na wote walikuwa wameshamchangia sanda.

"Wao wanasemaje?"

"Wanaona haya kukwambia. Wanaomba usubiri mpaka hesabu zikaguliwe. Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu! Shemeji, maiti?"

Mama mmoja wa idara ya kufunga sabuni alikuja akamshika Bi Pili mikono yote miwili, akalia, akasema, "Tusamehe, mwenzetu, tuna watoto," akalia tena. Nimehudhuria misiba mingi, lakini sijawahi kuona wafiwa wakiombwa msamaha namna ile na watu waliokuja kuwapa pole.

*

Siku ya tatu kamati ya wataalamu ilikwenda mochwari. Iliongozwa na Msajili Mkuu mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Balozi Mstaafu Evaristi Zumo, ambaye husimama kidogo baada ya kila cheo ili wasikilizaji wapumue. Alifuatana na mtaalamu wa uchakavu, na mkaguzi wa magari kutoka Wizara ya Uchukuzi, kwa kuwa fomu inataka mtu mwenye ujuzi wa mitambo. Mimi nilibeba mhuri.

Mtaalamu wa uchakavu aliuliza kama mali imekuwa ikitunzwa mahali pakavu. Mkaguzi wa magari aliinua shuka, akalirudisha haraka, akauliza kwa sauti ndogo kama vipuri vinapatikana nchini.

"Huyu amekufa, waheshimiwa," alisema mzee mwosha maiti.

Msajili Mkuu akamgeukia. "Wewe ni mhasibu?"

"Hapana. Ninaosha maiti."

"Basi tuachie wenyewe." Akarekebisha tai yake, akawahutubia wajumbe wawili, mwosha maiti na mimi. "Ndugu zangu, tusiwe na pupa. Ziko nchi, sitaki kuzitaja, zilizoanguka kwa kufuta mali kwa jazba. Leo mtafuta huyu, kesho yule, keshokutwa mtajikuta taifa zima halina thamani. Swali si kama mali hii inafanya kazi leo. Swali ni kama tuna ushahidi wa kutosha kwamba haitafanya kazi tena ndani ya miaka kumi na mmoja ijayo. Je, kuna mjumbe mwenye ushahidi wa miaka kumi na mmoja ijayo?"

Hakuna aliyekuwa nao. Ikaandikwa: "Mali imesimama kwa muda, ikisubiri uchunguzi." Na kwa kuwa ada ya mochwari ni gharama, na kampuni haikuwa tayari kubeba gharama zaidi mwaka ule, ankara ikapelekwa kwa Bi Pili.

Niligonga mhuri. Mwosha maiti aliniangalia mkono, wala hakuniangalia uso.

*

Nisimsahau Bwana Kilian. Siku ya nne alikuja ofisini na taarifa aliyoiandika mwenyewe, kurasa mbili tu. Ilisema kwamba kampuni ilikataa kununua valvu ya milioni tatu, kwamba kwa sababu hiyo mtu mmoja amekufa, na kwamba kampuni imepata hasara ya milioni kumi na nne. Mwishoni aliweka saini na tarehe.

Msajili Mkuu aliisoma mpaka mwisho, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Lugha yako nzuri," alisema. "Fupi, inaeleweka. Lakini hii ni habari, Bwana Mahundi. Hii si taarifa ya fedha."

"Ni kweli tupu, mheshimiwa."

"Nani kakataa? Niambie basi kufuli nilipeleke saa ngapi. Na wewe ndiye utakayesimama langoni kuwaeleza wale watu mia tatu na kumi na mbili."

"Basi niacheni nijiuzulu. Mwingine atie saini."

Msajili akaniashiria. Nikafungua daftari. Kilian Mahundi, namba tisa, miaka sita iliyobaki.

"Umeona?" alisema Msajili kwa upole wa kweli. "Huwezi kujiondoa. Wewe ni wa kampuni."

Tukatoka naye mpaka kwenye korido. Alikunja kurasa zake mbili, akazikunja tena, akazitia mfukoni nyuma ya kalamu. Akaniambia, "Ndugu karani, mimi nimesoma miaka saba ili niweze kusema kweli kwa tarakimu. Wazazi wangu waliuza ng'ombe." Nilimwambia sheria ina vifungu mia moja na sita, na watu wengi hawavuki cha kumi. Nilisema hivyo kwa kutaka kumfariji tu. Mungu anisamehe, kwa sababu alikwenda nyumbani akavisoma vyote.

*

Siku ya sita tulikwenda tena kwa Bi Pili, mimi na yeye. Bwana Kilian alikaa kwenye ukingo wa mkeka, kofia mapajani.

"Shemeji, nimekuja na neno ambalo naona aibu kulitamka."

"Tamka tu. Aibu yangu mimi imeishia mochwari."

"Kuna kifungu cha arobaini na nne. Kinasema mali iliyosimama inaweza kutolewa bila hasara yoyote, endapo itapatikana nyingine ya kushika nafasi yake. Inachukua namba ileile na miaka ileile iliyobaki."

"Yaani mtu."

"Mtu."

"Si mmchukue mmoja wa wale waliojaa hapo nje?"

"Wale wote wamo vitabuni tayari. Mtu hahesabiwi mara mbili. Lazima awe mtu mzima ambaye hayumo kwenye vitabu vya mtu yeyote."

Bi Pili alikuwa amefanya kazi tangu usichana wake, akiamka alfajiri kuumua unga wa mchele, akisimama juani na sinia, akilea mabinti wawili na kuwasomesha, na katika nchi nzima ya Tele hapakuwa na kitabu hata kimoja kilichokuwa na jina lake. Nilimwona akilifikia hilo polepole.

"Nikikubali, anazikwa lini?"

"Siku hiyohiyo."

"Nikikataa?"

"Mwezi wa tatu. Tena labda."

"Na eda yangu? Mimi ni mjane, shemeji. Napaswa kukaa ndani miezi minne na siku kumi."

Bwana Kilian alinitazama mimi, na mimi nilitazama mkeka. "Sheria haina kifungu cha eda," nilisema. "Inatoa siku tatu za kusafirisha mali."

Alilia hapo kwa mara ya kwanza mbele yetu. Alilia bila kelele, akijifuta kwa upindo wa kanga, na binti yake mkubwa akaja akasimama nyuma yake akamshika mabega. Kisha Bi Pili alisema, "Amelala kule siku ya sita, na baridi hakuipenda tangu ujana wake. Lete hiyo karatasi."

"Kazi ya boila ni ya hatari, Bi Pili," nilisema. Sikutumwa kusema hivyo na ofisi. "Tena inataka ujuzi."

"Boila nalijua. Miaka ishirini na sita nasimuliwa habari zake wakati wa kula."

Akatia saini. Bwana Kilian akatia yake kama shahidi, kalamu ya kwanza ikagoma, ya pili ikagoma, ya tatu ikaandika.

*

Hamduni alizikwa tarehe ishirini na nne baada ya swala ya adhuhuri. Wafanyakazi walioruhusiwa kwenda walikuwa kumi na wawili, maana mali nyingine zilitakiwa kubaki mahali pake, na wale kumi na wawili walipokezana jeneza njia nzima bila kumpa mpita njia nafasi. Imamu alisoma dua ndefu. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kuhakikisha kwamba namba iliyomo kwenye hati ndiyo inayoshuka kaburini, na nililia mpaka hati ikalowa. Bi Pili alikuwa nyumbani na wanawake wenzake. Imamu alipitia huko baadaye akamwambia kwamba dharura ina hukumu yake, na Mungu anawajua waliomlazimisha. Bi Pili alimshukuru.

Siku ya nne baada ya mazishi alivaa ovaroli ya mumewe, akaikunja miguu mara mbili, akaenda kazini. Valvu mpya haikununuliwa. Ile ya zamani ilifungwa kwa waya.

Mwezi wa tatu hesabu za Povu Jeupe zilikaguliwa, na zikatangazwa kuwa bora kuliko zote nchini. Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Mheshimiwa Profesa Mhandisi Balozi Mstaafu Zumo alisoma mstari mmoja wa taarifa ile kwa sauti, akaurudia kwa jinsi ulivyomfurahisha: "Katika mwaka huu kampuni haikupoteza mali yoyote." Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Bwana Kilian aliitwa mbele akapewa ngao ya kioo. Alisema "asante" moja, akarudi kukaa, na watu walipotoka nikaikuta ile ngao chini ya kiti chake. Nilimpelekea kesho yake. Alinipa niiweke ofisini kwetu, na ipo mpaka sasa, juu ya kabati.

Mwezi huohuo nilikwenda kiwandani kuhakiki mali, kazi ambayo karani huifanya mara moja kwa mwaka. Wafanyakazi hupangwa mstari uani kwa kufuata namba, karani huita jina lililomo daftarini, mali huitika, karani hutia alama. Nilianza saa mbili. Jua lilipokuwa limeshapanda nilifika kwenye 214, nikaona daftari bado limeandikwa Hamduni Ngwali. Nikamwita Bwana Kilian pembeni.

"Hamjabadilisha jina?"

"Haliruhusiwi kubadilishwa. Likibadilika anakuwa mali mpya, na ile ya zamani itabidi ifutwe. Tutarudi kwenye ile hasara."

"Kwa hiyo niite hivihivi?"

"Mimi huita hivyo kila siku ya mshahara," alisema, akaondoka akaenda kusimama mbali, karibu na lango.

Nilirudi kwenye mstari. Bi Pili alikuwa amesimama kati ya 213 na 215, mikono nyuma, na kwenye mkono wa kulia alikuwa na kovu jipya la mvuke. Alikuwa ananitazama. Ningeweza kutia alama nikaendelea, nani angejua? Lakini mimi ni karani wa miaka kumi na tisa.

"Hamduni Ngwali."

Midomo yake ilicheza, sauti isitoke. Uwanja mzima ulikuwa kimya, na boila lilisikika likivuma ndani. Utaratibu unasema mali isipoitika iitwe mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi.

"Hamduni Ngwali!"

"Nipo," alisema. "Nipo, kaka. Usimwite tena."

Nikatia alama. Kwenye safu ya hali ya mali nikaandika "nzuri", nikaita 215.